Mwagize spika, televisheni kanunue Kariakoo

Msimu wa kuagiza huanza Oktoba. Ndugu aliye Columbus, Leicester au Maskati ameshakata tiketi ya Desemba, na kabla hata hajataja siku ya kutua ameshatuma sauti kwenye kundi la familia: semeni mnachotaka, lakini tafadhali msinitajie vitu vizito. Hapo ndipo kila mtu anapokumbuka kitu kizito. Mama anataka blenda, kijana anataka viatu vya mpira, na baba mwenye nyumba, ambaye wiki nzima amekuwa akichungulia bei mtandaoni wenzake wakiwa wamelala, anaandika kwamba yeye shida yake ni ndogo tu, hom thieta.

Huwezi kumlaumu. Mwishoni mwa Novemba, baada ya sikukuu ya Shukrani, maduka ya Marekani huangusha bei za vyombo vya umeme kiasi cha kumkosesha mtu wa Dar es Salaam usingizi. Televisheni ya inchi 65, amplifaya ya chaneli saba, spika ndefu za kusimama sakafuni, vyote vimepigwa mstari mwekundu juu ya bei ya zamani. Ila bei ile imepangwa kwa ajili ya mtu atakayelitia boksi kwenye gari lake, akalifikisha nyumbani palepale Ohio na kulichomeka kwenye ukuta wa Ohio. Boksi likishavuka bahari, hesabu inaanza upya, na safari hii anayelipa ni wewe.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nao aanze kunijibu. Ndugu wa Marekani au Kanada mwagize vitu visivyochomekwa ukutani. Ndugu wa Uingereza, Oman au Falme za Kiarabu anaweza kuleta vya kuchomeka. Na televisheni yenyewe, isipokuwa una sababu nzito, kanunue Kariakoo, au Luthuli ukiwa Nairobi, au Darajani ukiwa Unguja, udai risiti na dhamana yako.

Tuanze na ukuta. Umeme wa majumbani Tanzania, Kenya na Uganda ni wa volti 230 hadi 240, unaopiga mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Marekani na Kanada ni volti 120 na hezi 60. Japani ni volti 100. Chombo kilichosukwa kwa volti 120 pekee ukikichomeka hapa kinapokea karibu mara mbili ya msukumo kilioandaliwa, na joto ndani yake laweza kukaribia mara nne, kwa sababu volti ikipanda mara mbili joto halipandi mara mbili, linapanda mbili mara mbili. Ukibahatika, fyuzi inakatika kwanza na fundi anaibadilisha. Usipobahatika, transfoma ya ndani inaungua kabla fyuzi haijashtuka, na nyumba nzima inajua kwa harufu kwamba zawadi ya shemeji imekwisha.

Jibu la haya yote liko kwenye kibandiko kidogo nyuma ya chombo, karibu na waya wa umeme unapoingilia. Kikisomeka 100–240V, 50/60Hz, chombo hicho ni raia wa dunia, unachohitaji ni plagi tu. Kikisomeka 120V, 60Hz na basi, mwambie ndugu yako akirudishe rafuni. Usiulize muuzaji wala usisome maoni ya wateja, omba picha ya kibandiko.

Chaja ya simu na ya kompyuta mpakato karibu zote husomeka 100–240, na hilo ndilo linalowaponza watu. Kwa kuwa chaja ya shemeji ilichomekwa hapa mwaka jana na haikutokea kitu, wanadhani na amplifaya yake itavumilia. Lakini chaja, saundiba nyingi na televisheni nyingi za kisasa hutumia sakiti inayojirekebisha kwa volti inayoikuta. Amplifaya kubwa na sabufa nyingi zenye waya wake wa umeme bado zinategemea donge la chuma na shaba lililosukwa kwa volti ya nchi moja. Uzito wenyewe ni dalili: ukiona amplifaya inahitaji mikono miwili kuiinua, jua kuna transfoma ya kizamani ndani, na transfoma ya kizamani haina subira. Hata kwa televisheni usijiamini sana. Zipo modeli zinazouzwa Marekani peke yake zenye kibandiko cha 120V, wakati televisheni ya chapa ileile na ukubwa uleule iliyouzwa Dubai inasomeka 220–240.

Baadhi ya sabufa zina kiswichi kidogo nyuma, mara nyingi chekundu, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Hizo zinafaa, mradi kiswichi kisogezwe kabla ya kuchomeka. Nasisitiza kabla, kwa sababu furaha ya kufungua boksi ina haraka zake.

Utasikia ushauri kwamba ununue tu stepdauni, lile boksi la chuma la kushusha umeme, uendelee na maisha. Linasaidia, lakini lina masharti. Kwanza, wati zilizoandikwa juu yake mara nyingi ni za matumaini. Kama amplifaya yako inakula wati 500, nunua stepdauni ya wati 1,000, na uipe nafasi ipumue. Pili, stepdauni hushusha volti lakini haigusi hezi. Amplifaya ya hezi 60 ikilishwa hezi 50, chuma cha transfoma yake kinabeba mzigo wa sumaku wa ziada wa karibu moja ya tano, hivyo inapata joto zaidi hata volti zikiwa sahihi. Katika nchi ya baridi pengine usingegundua. Kwenye sebule ya Temeke mwezi Februari, ndani ya kabati lenye milango ya vioo, utagundua. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi mimi binafsi, siku moja mtoto au mgeni atachomoa waya wa stepdauni ili achaji simu, kisha kwa wema wake atairudisha amplifaya moja kwa moja ukutani.

Wanaorudi kutoka Jeddah nao wawe macho. Saudi Arabia ina umeme wa hezi 60, na kwa miaka mingi nyumba zake zilitumia volti 127 sambamba na 220. Nchi iliamua kuhamia volti 230, lakini vyombo vya zamani bado vimo mikononi mwa watu. Ukipewa amplifaya na jamaa aliyekaa huko miaka mingi, soma kibandiko kabla hujashukuru.

Sasa tuangalie upande wa pili. Oman na Falme za Kiarabu wana hezi 50 na volti zinazolingana na zetu, na plagi yao ni ileile ya pini tatu bapa tuliyorithi kwa Waingereza. Uingereza yenyewe ni hivyohivyo. Amplifaya iliyonunuliwa Ruwi ya Maskati au Deira ya Dubai inachomekwa Magomeni bila adapta. Kwa ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi, ambako tundu za ukutani ni za pini mbili za mviringo, anayetoka Brussels ndiye mwenye plagi sahihi. Na mapenzi ya pwani yetu kwa picha na sauti si ya leo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri kituo chake cha kwanza hadi 1994. Katika miaka yote hiyo ya katikati, mwenye deki ya video mtaani alikuwa mtu mkubwa. Waliokuwapo watakumbuka pia kanda zilizotoka Marekani, zilizorekodiwa kwa mfumo wa NTSC, zikiingizwa kwenye deki ya PAL: picha inapanda na kushuka, rangi hakuna, na mjomba aliyezileta anashika kiuno.

Balaa la PAL na NTSC limekwisha, lakini lina mjukuu wake. Mawimbi ya televisheni ya ardhini Tanzania na Kenya yanarushwa kwa mfumo wa DVB-T2. Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012. Marekani hutumia mfumo wao wa ATSC, kwa hiyo televisheni ya kule ukiichomekea antena hapa haitaona kitu, hata ukitafuta stesheni hadi asubuhi. Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kurusha kwa DVB-T2, mwaka 2009, na televisheni zake za HD zinaelewa mfumo huo, ndiyo maana inayotoka Leicester hushika chaneli za bure bila ugomvi.

Utasema: mimi natumia king'amuzi, antena ya nini? Hoja nzuri. King'amuzi kinapeleka picha kwa waya wa HDMI na televisheni haihitaji kujua mawimbi yalikuja kwa njia gani. Isipokuwa ving'amuzi vyetu hutoa picha ya hezi 50, na televisheni kadhaa za Marekani, hasa za zamani, zilitengenezwa zikijua 60 tu. Zinakuletea kioo cheusi na ujumbe kwamba hazitambui picha hiyo. Nyingi za sasa zinakubali zote mbili. Lakini neno nyingi halinitoshi ninapotoa pesa ya mwezi mzima kwa kitu ambacho kikikataa siwezi kukirudisha dukani.

Na hapo hatujafika uwanja wa ndege. Mashirika mengi hukubali begi la kilo 23 ambalo urefu, upana na kimo chake ukijumlisha havizidi sentimita 158. Boksi la televisheni ya inchi 32 linapita kwa shida. La inchi 43 linazidi tayari, na la inchi 55, ambalo kioo chake peke yake kina upana wa sentimita 122, usilizungumzie. Baadhi ya mashirika ya njia ya Ghuba hulichukua kwa malipo ya ziada, lakini wapakiaji hulilaza, na kioo cha televisheni hakipendi kulazwa kikawekewa sanduku la mtu juu. Kontena la pamoja kutoka Dubai au Uingereza ni njia ya wastaarabu zaidi kama una miezi ya kusubiri na wakala wa forodha unayemwamini. Bado kuna dhamana. Ya nje mara nyingi haivuki mpaka, na kioo kikipasuka bei ya kioo kipya inakaribia bei ya televisheni mpya. Televisheni ya Kariakoo inaweza kuwa ghali kidogo, lakini siku ya pili ikigoma unajua mlango wa kubisha. Feki zipo, ndiyo, hata Dubai zipo; risiti ya EFD na muuzaji mwenye duka la kudumu ndiyo kinga yetu sote.

Kwa nini basi kumsumbua ndugu hata kidogo? Kwa sababu ya sauti.

Televisheni za siku hizi ni nyembamba, na ndani ya wembamba ule spika zimebanwa zikageuzwa kutazama chini au nyuma ukutani. Picha ni ya kifalme, sauti ni ya redio ya mfukoni. Watu wengi wanajaribu kuziba pengo hilo kwa sabufa za madukani zenye taa zinazocheza na kibandiko cha mbele kinachotangaza wati 10,000 za PMPO. Igeuze. Nyuma utakuta imeandikwa kwamba inakula wati 40 au 60. Chombo hakiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu zaidi ya ile kinayoivuta ukutani, kwa hiyo hizo elfu kumi ni za kupaka rangi boksi. Kipimo cha kuuliza ni RMS, yaani wati za mfululizo, na wati 50 za kweli kwa kila spika zinatosha kumfanya jirani abishe hodi.

Kosa jingine ni kufukuzia mtetemo. Tunasifia muziki kwa bezi, na kwa ngoma za harusini ni sawa. Kwenye sinema kinachochosha ni kutosikia maneno. Mlipuko unavunja vikombe, kisha wahusika wanaanza kunong'ona, na mwenye rimoti anafanya kazi ya kupandisha na kushusha sauti filamu nzima. Katika mpangilio wa 5.1, ambao una spika tano na sabufa moja, sehemu kubwa ya mazungumzo hutoka kwenye spika moja tu: ile ya katikati, inayokaa chini ya kioo. Kama pesa na kilo zinatosha vitu vitatu, chukua spika mbili za pembeni na ya katikati. Za nyuma zitafuata mwaka mwingine, au zisifuate.

Lazima niseme jambo litakalowaudhi wauzaji. Sehemu kubwa ya tunachokitazama haina cha kupeleka nyuma. Filamu zilizotafsiriwa Kiswahili, zile ambazo msimulizi anaongea juu ya wahusika wote, wanawake kwa wanaume, zimerekodiwa kwa sauti iliyolala. Ukizipitisha kwenye spika kumi na moja utamsikia msimulizi yuleyule mara kumi na moja. Chaneli nyingi za king'amuzi hutoa stirio. Mpira unanufaika na spika nzuri za mbele, basi. Sauti ya kuzunguka chumba, pamoja na Dolby Atmos yenye sauti za juu ya dari, utaipata kwenye huduma za kulipia za mtandaoni na kwenye diski. Netflix yenyewe inakadiria hadi gigabaiti 7 kwa saa kwa picha ya 4K. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 14. Mwenye fayba nyumbani hatajali. Mwenye bando la simu afanye hesabu hiyo kabla hajaagiza spika za dari.

Sasa narudi kwa ndugu wa Marekani. Spika ya kawaida isiyo na amplifaya ndani haina volti ya nchi. Ni mbao, sumaku na koili, na chakula chake kinatoka kwenye amplifaya, si ukutani. Iliyonunuliwa Minneapolis itaimba kwa amplifaya iliyonunuliwa Deira bila kuuliza pasi ya kusafiria. Kinachotakiwa kulingana ni omu: amplifaya nyingi za nyumbani zinapenda spika za omu 6 hadi 8, na za omu 4 zinahitaji amplifaya iliyosema yenyewe kwamba inaziweza. Na hapa ndipo bei za kule zina maana, kwa sababu spika nzuri ndicho kitu kisichochakaa haraka. Televisheni utabadilisha baada ya miaka saba, amplifaya itapitwa na aina mpya ya HDMI, lakini spika nzuri ya leo itakuwa nzuri binti yako atakapoolewa. Spika mbili za rafu na moja ya katikati zinaweza kuingia katika kilo za begi moja, zikifungwa kwa nguo, koni zikitazamana na kadibodi katikati. Waya wa spika, maikrofoni, vibanio vya ukutani na kile kijiti cha kutiririsha filamu kinachokula umeme wa USB wa volti 5, navyo havijui tofauti ya Ohio na Ilala. Spika za bluetooth zenye betri ya lithiamu bora zipande kwenye begi la mkononi. Kwa pawabenki hilo ni lazima.

Usiagize amplifaya ya Marekani hata ikiwa ya bure. Hata redio yake itakukera: FM ya kule huruka kwa hatua za pointi mbili, hivyo stesheni yenye nukta shufwa inakuwa haikamatiki sawasawa, na AM yao huenda kwa hatua za kilohezi 10 wakati yetu ni 9. Agiza ya Ghuba au Uingereza. Angalia mambo mawili: matundu ya HDMI yatoshe king'amuzi, kijiti na mashine ya michezo ya watoto, na tundu moja liwe limeandikwa ARC au eARC. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 na ndiyo inayorudisha sauti ya televisheni kwenye amplifaya kwa waya uleule mmoja. eARC, ya HDMI 2.1 mwaka 2017, inabeba sauti nzito zaidi. Asiyetaka mambo ya waya nyingi achukue saundiba yenye chaneli ya katikati, ambayo kibandiko chake mara nyingi ni 100–240 na boksi lake, ingawa refu, laweza kuingia ndani ya zile sentimita 158. Kwa nyumba nyingi hilo ndilo jibu, na simwonei haya anayeishia hapo.

Diski niziseme kwa pumzi moja: DVD ya Marekani ni kanda ya 1, sisi ni ya 5; Blu-ray yao ni A, sisi, Ulaya na Ghuba ni B; za 4K hazina kanda. Wengi wetu filamu tunajaziwa kwenye flashi, na huko shida ni nyingine. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Na ukifungua filamu ukaona midomo inacheza bila sauti, spika zako nzima. Faili lina sauti ya DTS na televisheni yako haiisomi. Samsung, kwa mfano, iliiacha DTS kwenye televisheni zake kuanzia matoleo ya 2018.

Kabla ya kuagiza chochote, kaa kwenye kochi upige makofi mara moja. Ukisikia makofi yanajibu, hicho ndicho utakachokisikia kwenye kila filamu. Sebule zetu za siku hizi ni marumaru chini, tofali la saruji pembeni, jipsamu juu na madirisha ya vioo, kila upande mgumu, na spika ya milioni mbili itasikika kama tangazo la stendi ya mabasi. Zulia zito, mapazia ya kufika sakafuni na makochi ya kitambaa yatafanya kazi kubwa kuliko kupanda daraja la spika. Pima pia umbali. Mtu aliyeketi mita tatu na nusu kutoka kwenye kioo cha inchi 55 hataona tofauti kubwa kati ya 4K na HD kamili. Akitaka kuiona asogee hadi kama mita mbili, au anunue kioo kikubwa zaidi. Sofa seti za watu saba zinaamua mambo mengi kuliko tunavyokiri.

Halafu kuna umeme wetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limepunguza hofu ya mgao, lakini waya wa kwenye nguzo ya mtaani kwako ni uleule. Nyutro ikikatika, nyumba ya volti 230 inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, na hapo hata kibandiko cha 100–240 hakina la kusema. Gadi ya televisheni inayokata umeme ukizidi au kupungua, na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha, ni sehemu ya bei ya mfumo, si nyongeza. Wa Pwani na Visiwani mkumbuke chumvi ya hewa, na mkumbuke mijusi: amplifaya ina matundu na joto, mjusi anapenda vyote viwili, na akigusa sehemu mbili za sakiti kwa wakati mmoja yeye na amplifaya wanapotea pamoja.

Forodha. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18, inayohesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Mzigo wa shilingi milioni moja, nauli na bima ndani, kwa viwango hivyo unadaiwa 250,000 ya ushuru na 225,000 ya VAT, tozo ndogondogo mbali. Upo msamaha wa abiria kwa mizigo midogo, na kiwango chake kiulizwe kwa TRA au KRA mwezi uleule wa safari, si kwa jamaa aliyesafiri miaka mitatu iliyopita. Anayehama kurudi nyumbani moja kwa moja ana nafuu yake kwa vyombo alivyovitumia huko. Anayekuja likizo na boksi jipya lenye utepe wa kiwandani hana hoja hiyo, na risiti ndiyo itakayomsaidia asikadiriwe kwa macho. Na mnaonunulia Unguja mkavuka kwa boti, mnalijua vizuri lile suala la tofauti ya kodi bandarini Dar, lililozungumzwa miaka nenda rudi katika kero za Muungano.

Kilichobaki ni adabu ya kuagiza, ambayo ikikosekana huharibu undugu kuliko volti. Anayeishi nje naye ana kodi ya nyumba, na akija Desemba ana wajomba kumi na wawili wanaosubiri soksi. Kumwambia "niletee, tutaelewana" ni kumwambia akununulie. Mtumie pesa kabla, na ndani yake iwemo ya begi la ziada. Mwombe afungue boksi hukohuko, awashe au asikilize, maana siku za kurudisha dukani huisha akiwa bado anapanga sanduku. Taja modeli kamili, na taja pia ya pili kama ya kwanza haipo, ili usimwachie kazi ya kukisia.

Ujumbe wenyewe si lazima uwe mrefu. Kitu kama hiki kinatosha: Shikamoo dada. Naomba spika mbili za rafu na moja ya katikati, zisizo na waya wa umeme, jumla kilo 17. Picha na jina la modeli hizi hapa. Pesa ya spika na ya begi naituma Ijumaa. Kama nafasi inabana, ziache, nguo za watoto zitangulie.

Na jibu ukilipata, marahaba mdogo wangu, kwani televisheni hutaki, mjibu kwamba ya hapa umeshaiona.